Perennial Si Milele

Kamusi ndogo ninayotembea nayo, ile iliyong'oka jalada, imelifasiri neno "perennial" kwa neno moja tu: milele. Ukifungua nyingine utakuta "-a daima" au "-a kudumu", halafu basi, tunahamia neno linalofuata. Mwanafunzi wa kidato cha pili ananakili hivyo daftarini, mwalimu anapita anaweka tiki, kengele inalia. Mimi nasema hiyo tiki imewekwa haraka mno. Na kwa kuwa wengi wetu tunaosomea ualimu tutasimama mbele ya ubao na neno hilihili, iwe kwenye Jiografia, Baiolojia au Kilimo, ni vizuri tukalitazama vizuri kabla hatujalipeleka darasani.

Kwa asili ni neno la Kilatini. "Per" ni kupitia, kuvuka kutoka upande huu hadi ule. "Annus" ni mwaka. Yakiunganishwa, "a" ya "annus" inageuka "e", tunapata "perennis", yaani kinachopita katika mwaka mzima, au kinachovuka mwaka na kuingia mwingine. Waingereza walilichukua karne ya 17. Mwanzoni walilitumia kwa mimea inayobaki na majani mabichi mwaka mzima, kisha katika karne hiyohiyo wataalamu wa mimea wakaliweka kwenye mmea unaoishi zaidi ya miaka miwili. Matumizi ya mambo mengine, kama matatizo na mabishano, yalifuata baadaye.

Kwa hiyo ndani ya neno hili kuna mwaka. Hakuna umilele. Mwaka ndio kipimo chake: je, kitu hiki kimeuvuka mwaka, kiangazi chake na masika yake, kikatokea upande wa pili kikiwa bado kipo?

Huyo "annus" ana ukoo mkubwa. "Annual" ni cha kila mwaka. "Anniversary" ni siku inayorudi kila mwaka. "Centennial" ni ya miaka mia, "millennium" ni miaka elfu. Wote wanarithi n mbili, na hapo ndipo watu wengi wanapoteza alama, maana "millenium" yenye n moja imeandikwa mpaka kwenye mabango ya maduka. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kilatini una n mbili. Ukipunguza moja, Kilatini kinakupeleka kwenye kiungo cha mwili kisichotajwa mbele ya wakwe. Na kuna mapacha wawili wanaosumbua: "biannual" ni mara mbili ndani ya mwaka mmoja, "biennial" ni mara moja katika miaka miwili. Hata Waingereza wenyewe huwachanganya, kwa hiyo ukiandika tangazo la mkutano, waambie watu tarehe yaishe.

Turudi kwa ndugu yetu. Ana maana mbili kubwa, na ni lazima zitenganishwe.

Ya kwanza ni "mwaka mzima bila kukatika". Hii ndiyo ya mito, chemchemi na umwagiliaji. Waliosoma Jiografia wanaikumbuka habari ya Misri. Kwa maelfu ya miaka mkulima wa bonde la Nile alisubiri mafuriko, yakaja mara moja kwa mwaka, akayanasa kwenye majaruba, akapanda, akavuna, akasubiri tena. Karne ya 19 yakaanza kujengwa mabanio, likafuata bwawa la kwanza la Aswan lililokamilika 1902, kisha Bwawa Kuu lililokamilika 1970. Sasa maji yakapatikana miezi yote, na mtu akaweza kulima zaidi ya msimu mmoja kwa mwaka. Huo ndio umwagiliaji wanaouita "perennial". Ukimwambia mwanafunzi kwamba ni "umwagiliaji wa milele" atabaki anashangaa, na ana haki ya kushangaa, maana hakuna chochote cha milele hapo. Kuna bwawa, kuna mifereji, kuna maji mwezi wa Juni.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, tukiwa kwenye aina za mito, binti mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono. "Mwalimu, kama ni mto wa milele, mbona kwetu unakauka?" Wenzake wakacheka. Kwao ni pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mto aliokuwa anausemea ni Ruaha Mkuu.

Swali lake ni zuri kuliko maelezo ya kamusi yangu. Ruaha Mkuu unakusanya maji ya milima ya Nyanda za Juu Kusini, unashuka kwenye tambarare za Usangu, unapita ardhi oevu ya Ihefu, unaingia hifadhini, unalisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, hatimaye unaungana na Rufiji. Ihefu ilifanya kazi ya sifongo: wakati wa masika inafyonza, wakati wa kiangazi inaachia kidogokidogo, na mto ndani ya hifadhi ukawa na maji mpaka mvua nyingine zikaanza. Mwaka 1993 ukakauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Mwaka uliofuata ukakauka tena, na hali hiyo ikawa ndiyo kawaida: wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, viboko wamebanana kwenye vidimbwi vya tope kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni.

Sababu zimebishaniwa sana. Maji yanayochepushwa kwenda mashamba ya mpunga, na mifereji inayoachwa wazi hata baada ya msimu wa kilimo kwisha, ndiyo yanayotajwa mara nyingi. Wengine walinyoosha kidole kwa wafugaji na mifugo yao kule Ihefu. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utakuwa unatiririka mwaka mzima tena. Mwaka 2010 ulifika, ukapita.

Sasa tazama kilichotokea kwa upande wa lugha. Kwenye ramani za mizani kubwa, mto wa kudumu huchorwa kwa mstari mzima wa bluu, na mto wa msimu kwa mstari wa vipandevipande. Kipande kile cha Ruaha kilikuwa na mstari mzima. Kivumishi "perennial" kilikuwa chake kihalali, alikipata kwa kuvuka kiangazi kila mwaka. Aliposhindwa kuvuka, kikamtoka. Kitu cha milele hakiwezi kupoteza umilele wake, vinginevyo hakikuwa cha milele. Kitu "perennial" kinaweza, na ndiyo maana neno hili lina maana kwa mtu wa mazingira: linaeleza hali inayotakiwa kutunzwa. Yule binti alikuwa anauliza jambo la maji, sisi tukamjibu kwa neno la mbinguni.

Maana ya pili ni "mwaka baada ya mwaka", na hii ni ya mimea. Mahindi, maharage, ufuta na alizeti ni mimea ya mwaka mmoja: unapanda, unavuna, unabaki na mabua. Kabichi, karoti na vitunguu kwa asili ni vya miaka miwili. Mwaka wa kwanza vinajiwekea akiba ya chakula, wa pili vinatoa maua na mbegu, ila sisi tunavila hiyo akiba mapema, kwa hiyo wengi hatujawahi kuona ua la kabichi. Vinavyozidi hapo, kahawa, chai, mikorosho, minazi, mikarafuu, miwa, migomba, ndivyo "perennial". Wizara na wataalamu wa kilimo wanasema "mazao ya kudumu", na tafsiri hiyo ni nzuri kabisa mradi tukumbuke kwamba kudumu si kutokufa.

Mfano ninaoupenda ni mgomba. Lile tunaloliita shina ni makuti ya majani yaliyokumbatiana tu. Linatoa mkungu mmoja, mara moja, halafu kazi yake imekwisha, unalikata. Lakini pembeni yake kuna chipukizi, na pembeni ya chipukizi kuna jingine. Wakulima wanaelekezwa waache matatu kwenye kila shimo: mama, mtoto na mjukuu. Ukipita Kagera au kwenye vihamba vya Wachaga utakuta shamba lililopandwa na babu, ambalo hakuna hata shina moja lililosimama humo ambalo babu alilishika. Kila kilichomo kimekufa mara nyingi na shamba halijafa. Hiyo ndiyo "perennial".

Mkonge una tabia nyingine tena. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta huku mwaka 1893, ukaenea Tanga na baadaye sehemu kubwa ya nchi. Unakatwa majani mwaka huu, na ujao, na mwingine, miaka mingi. Siku moja unasukuma mlingoti mrefu juu, unachanua mara moja tu maishani, unaangusha vimiche vyake, unakufa. Ni mmea wa kudumu wenye siku ya kufa iliyopangwa ndani yake. Mwambie mkulima wa Korogwe kwamba mkonge ni mmea wa milele, uone atakavyokutazama.

Halafu kuna ile ambayo jembe linaamua badala ya maumbile. Muhogo ukiuacha unaendelea kuishi, lakini tunaung'oa kwa sababu tunataka mizizi. Pamba nayo ni mmea wa kudumu kwa asili, ila mkulima wa Shinyanga anatakiwa kung'oa na kuchoma masalia kila baada ya mavuno ili wadudu wasipate pa kujificha. Kitabu cha Baiolojia kitasema "perennial", na shambani utaona zao la msimu. Wote wawili wako sahihi. Mtihani ukiuliza, angalia kwanza unaulizwa mmea au unaulizwa zao.

Tofauti hii ina uzito hata nje ya darasa. Sehemu nyingi za nchi, mtu akikuazima kipande cha ardhi ulime, atakuruhusu mahindi na mihogo, lakini minazi au mikorosho hataki hata kuisikia. Ukipanda mti unaovuka miaka, umeanza kudai. Pwani na visiwani ni jambo linalojulikana mtu kumiliki minazi bila kumiliki ardhi iliyoko chini yake, na kesi za namna hiyo zimewachosha mashehe na mahakimu. Wathamini wa fidia nao, barabara inapopita shambani, hawahesabu mkorosho kama wanavyohesabu tuta la viazi. Kwa hiyo mzee anayeambiwa mazao yake ya kudumu yatalipwa anaelewa neno hilo kuliko kamusi yangu, kwa sababu kwake lina bei.

Sasa hao wengine wanaochanganywa naye. Nitapita haraka.

"Eternal" na "everlasting" ndiyo milele yenyewe. Biblia za Kiingereza zinatumia yote mawili pale Biblia yetu inaposema uzima wa milele. Huwezi kuweka "perennial" hapo; itasikika kana kwamba uzima huo unahitaji kupaliliwa. Kiswahili chetu kwa kweli kimejaliwa upande huu, maana tuna "azali" kwa kisicho na mwanzo na "abadi" kwa kisicho na mwisho, na Kiingereza cha kawaida hakina jozi nyepesi kama hiyo. "Permanent" ni kilichowekwa kisiondolewe: ajira ya kudumu, wino usiofutika. "Perpetual" ni kisichokoma. Utalikuta kwenye sheria zinazounda mashirika ya umma na vyuo, zikisema chombo kitaendelea kuwapo hata watu wake wakiondoka wote, na huo ni ujanja mzuri wa wanasheria.

Na kuna kichekesho kimoja cha Kiingereza. Ule ua mkavu wa jamii ya Helichrysum, unaoota juu Kilimanjaro baada ya kupita msitu, wenyewe wanauita "everlasting". Sababu ni kwamba ukiuchuma na kuukausha haupotezi umbo wala rangi. Yaani ua linaitwa la milele likiwa maiti. Mgomba ulio hai unaitwa "perennial" tu.

Mwisho ni yale matumizi tunayokutana nayo magazetini na, jamani, kwenye ripoti zetu: "perennial problem", "perennial favourite", "perennial question". Hapa neno linabeba ile picha ya mmea. Kitu kinapotea machoni, msimu wake ukifika kinachipua tena. Mwandishi wa michezo akiiita Yanga "perennial champions" hasemi kwamba inachukua kombe kila mwaka; Simba wangemjia juu. Anasema ni timu ambayo miaka inapita na jina lake linarudi kileleni. "Annual champions" isingekuwa na maana, na "eternal champions" ingekuwa mahubiri ya shabiki. Neno hili linavumilia mapengo. Milele haivumilii hata moja.

Kwa Kiswahili, watu hukimbilia "tatizo sugu". Sawa, linafaa mara nyingi, lakini "sugu" ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mwenye jembe, kitu kilichokaa pale pale na kukomaa. Lina ukali ambao "perennial" haina, na huwezi kusema "kipenzi sugu cha wasikilizaji" bila watu kukutazama mara mbili. Mimi nadhani tafsiri iliyo karibu zaidi tulikuwa nayo vinywani siku zote na hakuna kamusi niliyonayo inayoitaja: miaka nenda, miaka rudi. Ina mwaka ndani yake, ina kwenda, ina kurudi. Mlatini angeitambua.

Kwa mito sema "wa kudumu" au "usiokauka". Kwa mimea na mazao, "ya kudumu". Kwa tatizo, mjadala au bingwa, "miaka nenda, miaka rudi". Milele mwachie Mungu na nyimbo za mapenzi.

Nimeandika haya pia kwa sababu ya ripoti za viongozi wetu wa wanafunzi. Nimesoma kadhaa, na karibu zote zina aya ya "perennial challenges": maji hosteli, vyumba mwaka unapoanza, bumu kuchelewa. Ukiwauliza kwa Kiswahili wanasema "changamoto za kudumu", na wanasema kwa ile sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Neno likishafasiriwa kama milele, kiongozi amepona. Nani atamlaumu mtu kwa kushindwa kumaliza jambo la milele? Lakini "perennial" kwa maana yake halisi humpa kazi. Kitu kinachorudi kwa msimu kina msimu, na msimu una tarehe. Maji ya hosteli hayakatiki ovyo. Yanakatika kiangazi, mabomba ya ghorofa ya tatu yakitangulia na ya chini yakifuata, na mtu aliyekaa hapa miaka mitatu anaweza kukutajia wiki. Vyumba havigombaniwi Februari.

Kwa hiyo sentensi ile iliyoko kwenye karibu kila ripoti, "Water shortage in the hostels remains a perennial challenge", mimi ningeifasiri hivi: "Miaka nenda, miaka rudi, maji ya hosteli hukatika kiangazi, kuanzia ghorofa za juu." Halafu ningeacha mstari mmoja wazi chini yake, wa kujaza tanki litanunuliwa lini.